Mwanafunzi wa Mwaka wa Nne

Ndugu zetu mliofika, wazee, majirani, walimu wa chuo, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, mimi ndiye ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kipimo kinachopunguzwa ili mtu afurahi.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika wodi ileile ambayo mama yetu alifanya kazi kama muuguzi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa baba yetu, dereva wa katapila la barabara, ambaye alimzoesha mafuta ya gari mapema kuliko mafuta ya nywele. Alianza shule ya msingi mwaka 1973, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1980, na alipoona kwamba pale hakuna mwalimu wa fizikia wala dalili ya kumpata, aliomba masomo ya juu katika shule ya wavulana, akakubaliwa kwa shingo upande, akamaliza mwaka 1986 akiwa amewaacha mbali.

Mwezi Septemba 1987 alianza shahada ya uhandisi wa mitambo. Wiki ya kwanza katika karakana, mwalimu wa mashine ya kukereza chuma alimwambia mbele ya wenzake, “Binti, nywele zako na mashine hii havipatani,” wakacheka wote, naye asubuhi iliyofuata alifika amenyoa kipara, akasimama palepale na kusema, “Nywele hazipo, mwalimu. Nianze na mashine ipi?” Mama alilia alipomwona, baba akacheka hadi akakohoa, na dada akaendelea kunyoa muda wote wa masomo yale.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na mwanafunzi mwenzake wa darasa hilohilo, shemeji yetu, ambaye yupo nasi hapa leo. Walisoma pamoja, wakachora pamoja, na ilipofika mwaka wa nne kila mmoja akabuni mtambo wake wa kumalizia shahada, shemeji akatengeneza pampu ambayo ilivuja kila upande, na dada akabuni mashine ya kupukuchua mahindi, pipa la chuma lenye meno linalozunguka ndani ya wavu, kazi aliyoifanya akiwa mjamzito, akipumzika kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya karakana.

Siku ya kuwasilisha mitambo mbele ya jopo la walimu, mwezi Juni 1991, dada alikuwa wodini, uchungu umemshika. Shemeji alikwenda chuoni peke yake, akalieleza jopo kwamba mashine ile ni kazi yao wawili, akaiwasilisha, ikapongezwa, na kwa kuwa aliyesimama alikuwa mmoja, jina lililoandikwa likawa moja. Jioni alifika wodini ameshika maua, akasema, “Msiwe na wasiwasi, tumefaulu.” Mama, aliyekuwa amempakata mjukuu wake wa kwanza, alimuuliza, “Mmefaulu nani na nani?” Swali lile halikujibiwa mpaka mama anaingia kaburini, wala sioni leo wa kulijibu.

Idara ilimwambia dada arudie mwaka. Alitaka kurudi mwaka uleule, shemeji akasema mtoto bado mchanga, mwakani, na mwakani ilipofika nyumba ilikuwa haijaisha, mwakani tena, kisha mwaka 1995 akazaliwa mtoto wa pili, wa kiume, mpaka neno hilo likawa mzaha wa nyumbani kwao, mtoto akiombwa kuosha vyombo anajibu, “Mwakani, mama.” Dada alicheka nao. Mimi nilikuwa nikimtazama macho, na macho hayakucheka.

Kuanzia mwaka 1993 hadi 2014 alifundisha hisabati na uchoraji wa kiufundi katika sekondari ya kutwa, akiitwa mwalimu msaidizi kwa sababu hakuwa na shahada, na jioni, kwenye meza ya kulia chakula, alichora michoro ambayo shemeji aliipeleka kazini kwake asubuhi. Mashine ya kupukuchua ilikuwa imekwisha kupata kiwanda, na jina la shemeji likapigwa mhuri ubavuni mwake, nami nimeiona kwa macho yangu katika maghala mengi. Mwaka 2009 shemeji alihamia nyumba nyingine, na hapo sitasema zaidi, kwa kuwa mwanamke mwenye nyumba hiyo naye amekuja kuzika nasi.

Mwaka 2015, watoto wakiwa wamejitegemea, dada alivaa gauni lake la kijivu akaenda chuoni kujiandikisha. Karani wa dirishani alimuuliza, “Mtoto yuko wapi, mama?” akamjibu, “Mtoto ndiye mimi.” Aliambiwa masomo yake ya zamani yamekwisha muda, kama dawa, hivyo aanze mwaka wa kwanza, naye akaanza. Vijana walimwita Mama Spana, wakamfundisha kuchora kwa kompyuta, naye akawafundisha mambo ya joto na mvuke barazani mwa maktaba, na hata waliokuwa wakimcheka muhula wa kwanza walikuwa wakimwekea kiti muhula wa pili.

Mwaka wake wa tatu, katika somo la usanifu wa mitambo, mhadhiri kijana aligawa kitini kilichokuwa na mchoro wa mashine maarufu ya kupukuchua mahindi, akaisifu, pamoja na aliyeibuni. Dada akanyoosha mkono. Akasema nafasi kati ya meno na wavu ni finyu mno, ndiyo maana punje zinavunjika, na wakulima wamelaumu mahindi yao miaka yote hiyo bure.

Mhadhiri akamuuliza, “Mama, umejuaje bila hata kupima?”

“Kwa sababu kosa hilo ni langu,” dada akasema. “Nililifanya mimi, nikalisahihisha mimi. Yeye alibeba karatasi ya mwanzo.”

Mhadhiri yule, na namshukuru kwa kuwa ni mtu mwema, alilipeleka jambo hilo kwa idara, idara ikakaa kikao, na muhula uliofuata kitini kikatoka kipya: kosa liliondolewa, jina likabaki.

Mwezi Agosti 2018, akianza mwaka wa nne kwa mara ya pili maishani, dada aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Wanafunzi wenzake walipomshauri arudie mtambo wa mahindi ili haki ijulikane, alisema, “Mahindi nimemaliza.” Akabuni breki ya kiti cha magurudumu, kwa sababu siku moja alipokuwa akisukumwa hospitalini kiti kilimponyoka muuguzi kwenye mteremko, kikaenda naye mpaka ukutani. Wenzake walimtengenezea vyuma, wakamletea, akaijaribu kwenye mteremko uleule, amekaa mwenyewe, amekonda, anapiga kelele, “Achieni! Achieni mikono!” Wakaachia. Kiti kikasimama.

Uwasilishaji ulipangwa mwezi Mei. Dada aliomba awasilishe mapema, akajibiwa kuwa kalenda ya chuo haibadilishwi. Alifariki tarehe 9 Februari 2019, asubuhi, mikononi mwa binti yake. Wenzake walikwenda idarani kuomba waiwasilishe kazi ile kwa jina lake, wakaambiwa kwamba haiwezekani, kwani kanuni haziruhusu mtu kuwasilisha kazi ya mwingine.

Ndugu waombolezaji, naomba niwe na nguvu nimalize.

Ameacha watoto wawili na mjukuu mmoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, hasa waliomruhusu kuutumia mteremko wao kama karakana, majirani waliopika na kufagia wakati sisi hatuna akili ya kufanya lolote, walimu wenzake wa sekondari, na ninyi wanafunzi mlioomba kumbeba leo. Tunakishukuru chuo kwa shada la maua, lililoandikwa “Mwanafunzi wa mwaka wa nne,” jambo ambalo ni kweli.

Mwisho, shemeji yetu ameomba nafasi ya kusema maneno machache kwa niaba ya marehemu. Familia imekaa, imelijadili ombi hilo kwa heshima, na jibu letu ni kwamba alikwisha kusimama mbele za watu kwa niaba yake mara moja, inatosha.

Lala salama, mhandisi wetu.