Macho ya Fisi Niliyoyaacha Wazi

Sogeeni, wanangu. Peninah, kaa hapa kwenye mkono wangu wa kuchorea, nawe Mbaka zima hiyo redio, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kushindana na matangazo.

Shamba la Kianjokoma, lenye majani chai, gawaneni nusu kwa nusu, wala msipelekane kwa chifu. Ila kile kipande cha mawe kule Mbeere, pamoja na michoro yangu ya fisi, ndivyo vinavyoninyima usingizi. Peninah, najua umeapa kuichoma nikishazikwa. Mbuzi wako waliliwa na fisi, nawe uliwalea kama watoto. Pole, mama. Lakini nisikilize kwanza.

Miaka mingi nilichora fisi wa hadithi, meno nje na tumbo kubwa, kwa kuwa ndiye tuliyelishwa sote jikoni kwa nyanya. Halafu, kule Mbeere, nikamwona fisi jike mwenye sikio lililochanika, akimbeba mtoto mdomoni bila kumkwaruza, kwa meno yale yale yavunjayo mifupa. Nilishangaa, jamani! Nikachukua makaa na karatasi ya mfuko wa simiti, nikajifunza kuchora bila kushusha macho, kwani ukiitazama karatasi utachora unachodhani. Akiinua mguu na kusita, nilidhani ni woga, kumbe anasikiliza.

Jambo moja limenishinda. Kabla ya kuingia pangoni mwake, kwenye yale mawe yetu, hugeuka akanitazama, bila chuki wala hofu, kama jirani mwenye swali. Babu yangu alilazwa porini akaliwa na fisi, ndiyo ilikuwa desturi ya wafu wetu. Je, wanatukumbuka? Au anauliza anayefuata ni nani? Sijui, na kutojua kunaniuma kuliko hiki kifua. Ndiyo maana katika michoro yote macho nimeyaacha wazi, bila kuyachora.

Mbaka, usiyajaze kwa kuiga picha za simu. Michoro ni ya Peninah. Ndiyo, Peninah, wewe unayemchukia fisi, kwa maana mwenye hasira hapepesi macho. Pango msilizibe. Nenda na makaa, ukae upepo ukikujia usoni asikunuse, umtazame mpaka akutazame. Ukitaka kuichoma baada ya hapo, ichome.

Maji kidogo... Basi. Mungu awabariki, moshi usikatike majikoni mwenu, mzeeke mkisalimiana.

Peninah... ukiyapata hayo macho, njoo kaburini... uniambie alikuwa akiuliza nini.