Ukweli Kuhusu Mgongo wa Rosebella Amoding

Wazee wa pande zote mbili, padre, majirani, na madereva mlioegesha malori ili mfike hapa, maneno haya yameandikwa na mume wa marehemu, Bwana Egesa, na yanasomwa kwa niaba yake.

Rosebella Amoding alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Kocholia, Teso Kaskazini, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Okurut na marehemu Mama Amuge, akasoma shule ya msingi hapo nyumbani hadi mwaka 1993, kisha sekondari ya bweni karibu na Nambale, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1997.

Mwaka 1999 aliajiriwa na ajenti wa forodha pale Malaba, kazi yake ikiwa kupeleka karatasi za mizigo kutoka lori hadi lori, na kwa kuwa hakupenda kusimama chini akiangalia juu, alijifunza kuendesha, akapata leseni ya malori makubwa mwaka 2007, na tangu hapo alibeba saruji, vyuma na mafuta ya kupikia kati ya Mombasa na Kampala. Madereva waliomwambia, "Dada, hii si pikipiki," ndio baadaye waliomwita boss, naye aliwajibu kwamba wanamwita hivyo ili alipe chai.

Tarehe 11 Desemba 2004 alifunga ndoa kanisani Nambale na Bwana Egesa, wakati huo mwalimu wa hesabu, sasa mhadhiri wa takwimu, wakajenga Alupe, na Mungu akawajalia mabinti wawili, Vivian mwaka 2005 na Maurine mwaka 2010.

Mgongo wake ulianza kuuma Mei 2020, wakati wa korona, foleni ya Malaba iliporudi nyuma hadi mwisho wake usionekane na madereva wakakatazwa kuacha magari yao kabla ya majibu ya vipimo. Alikaa ndani ya kabini, lori mbele, lori nyuma, asiweze kuvuka wala kurudi, ilhali kwa baba yake Kocholia ni mwendo mfupi wa bodaboda, na aliposhuka hakuweza kunyooka. Mama Apolot, mwenye lojing'i, nyumba ya wageni alimokuwa akilala safarini, alimlaza kwenye mkeka akamkanyaga mgongo kama wanavyofanyiwa waliotoka kulima, ikawa nafuu ya siku moja, vikafuata vidonge vilivyomchoma tumbo, na mwaka 2021 akaenda kwa Daktari Robinson Bwire mjini Busia, aliyesomea kairopraktiki, yaani tiba ya kurekebisha uti wa mgongo kwa mikono.

Mumewe alikuwa na mashaka, akasoma tafiti, akamwambia kwamba kwa maumivu ya kawaida ya kiuno tiba hiyo husaidia kwa kiasi, karibu sawa na mazoezi, na kwamba yeyote anayedai kuponya kila ugonjwa kwa kunyoosha mgongo akimbiwe. Akajibiwa, "Mzee, wewe unasoma migongo ya watu, mimi nina huu mmoja tu." Daktari Bwire alimwuliza maswali mengi kabla ya kumgusa, hakumwahidi kupona, akamfundisha mazoezi ya kufanya kando ya lori, na baada ya wiki kadhaa Rosebella akarudi barabarani. Ni kiasi gani kilitokana na mikono, ni kiasi gani na mazoezi au muda wenyewe, mumewe hajui hadi leo. Anachojua ni kwamba kwa miaka mitatu mkewe aliinama akafunga viatu vyake mwenyewe.

Tarehe 9 Septemba 2024 alirudi kwa daktari huyo na maumivu ya namna nyingine, yasiyopungua hata akilala, huku nguo zikimpwaya, akamwambia, "Daktari, nibonyeze haraka, nina mzigo wa Kampala." Daktari alimsikiliza, akasema, "Mama, leo sikugusi," akafunga mlango wake, akampeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe. Picha zilionyesha kansa iliyoanzia kwenye titi bila kumwumiza, ikafika kwenye mifupa ya mgongo.

Februari 2025 miguu ilikataa. Habari zikaenea kwamba mnyoosha migongo amemvunja, vijana wakaweka kufuli lao kwenye mlango wa kliniki ya daktari, na wageni waliokuja kumjulia hali walilisema jambo hilo pale pale kitandani, katika chumba ambamo hakuweza kutoka. Hata baba yake alisema, "Mkwe, mtu mmoja alimshika mgongo, na mgongo ndio unaomuua, unataka niamini nini?" Kabla mumewe hajajibu, mgonjwa alisema, "Baba, yule ndiye peke yake aliyekataa kunigusa."

Alifariki nyumbani Alupe, Jumapili tarehe 2 Novemba 2025, akiwa na miaka arobaini na sita. Katika kikao cha wakwe ilidaiwa, kwa kuwa kimila kaburi halifungwi kabla chanzo cha kifo hakijasemwa, kwamba historia hii iseme alivunjwa mgongo. Mumewe alibanwa pande zote, akiandika hivyo anamsingizia mtu, akikataa mwili unabaki mochari, na hakuna aliyemtetea hadi Mzee Okurut aliponyanyua mkono, akasema, "Andika alivyosema mwenyewe. Mimi nilikuwepo."

Basi imeandikwa: Rosebella Amoding aliuawa na kansa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, Mama Apolot aliyekuja kumgeuza kitandani asipate vidonda, majirani wa Alupe, walimu wa chuo, na madereva wa Malaba. Inamshukuru pia Daktari Robinson Bwire, ambaye wengine walimwambia asije, naye amekuja, amesimama nyuma ya hema karibu na ua. Mzee Okurut anaomba vijana wampelekee kiti, kiwekwe hapa mbele, kwenye safu ya madaktari wenzake, na shughuli itaendelea akishaketi.

Mama Vivian, amani ya Mungu ikulaze.