Silinda ya Saba

Ndugu waombolezaji, majirani na mafundi wenzake marehemu, mimi ni dada yake, tumenyonya ziwa moja, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Sikio, kwa jinsi alivyozoea kuinamia injini na kuisikiliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa mshona viatu na mkunga, katika chumba kilichopakana na stesheni ya treni, akasoma shule ya msingi iliyokuwa jirani na kiwanda cha sabuni, kisha akaingia chuo cha ufundi na kuhitimu umekanika mwaka 1975, akiwa na cheti kizuri na ubishi uliokizidi cheti.

Aliajiriwa na kampuni ya mabasi mwaka 1976, akafunga ndoa na wifi yangu tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa wavulana wawili na binti mmoja, kitinda mimba, ambaye ndiye aliyerithi mikono ya baba yake, na mwezi Juni 1989 akafungua gereji yake mwenyewe nyuma ya ghala la mbao.

Magari yenye kompyuta yalipoingia, wengi wa rika lake walikunja jamvi, yeye akanunua mashine ya kusomea namba za hitilafu, akajifunza upya na mvi zake kichwani, na akawa mkali kwa jambo moja, kwamba taa ya injini ikiwaka haizimwi kabla chanzo hakijajulikana, wala sensa, kile kifaa cha kuhisi hitilafu, haing'olewi kwa sababu tu imetajwa, maana yenyewe imesema ilichokiona, na mleta habari si lazima awe mkosaji.

Hapa nimeombwa niruke, na siruki. Tangu juzi kuna minong'ono huko uani, eti binti huyu alimwaibisha baba yake hadi akaugua, nami nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi nikisubiri gari langu. Ilikuwa Agosti 2017, marehemu aliitazama mashine, akamtangazia mteja kwamba silinda ya saba haichomi mafuta, na gari lile lilikuwa na silinda nne tu; tarakimu ya mwisho ya namba ya hitilafu, ile inayotaja silinda, ilikuwa moja, yeye akaiona saba. Binti akamvuta pembeni, akamwambia kwa adabu kwamba macho yanamsaliti, aende hospitali, na Fundi Sikio siku hiyo hakusikia, akamfukuza, mtoto akaenda kuajiriwa gereji ya ng'ambo ya barabara. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hawakutuambia asiyesikia la mdogo huvunjika nini.

Februari 2018 alianguka bafuni, daktari akakuta kisukari cha miaka mingi kimeshayala macho na kinazila figo, akasema wazi kwamba angewahi kufika, huenda figo zingeokolewa. Aliporuhusiwa kutoka, kaka yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba mtu radhi, alivuka ile barabara akipapasa kwa fimbo, mashine kwapani, akasimama mbele ya mafundi wa watu na kumwambia binti yake, "Nisomee, mama." Akamsomea, akarudi naye, na katika miaka yote ya kusafishwa figo binti ndiye aliyempeleka baba yake na kumrudisha, hadi marehemu alipofariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani ambao hawajalala kwa ajili yetu, na mafundi wa ng'ambo, mliompokea mtoto wetu alipofukuzwa kwao.

Marehemu alinishika mkono wodini, akaniagiza niseme mbele yenu wote, kwamba binti yake alimwambia ukweli, yeye mwenyewe ndiye aliyekataa kusikia, na mtu yeyote asimlaumu mtoto. Mwanangu, inua uso, watu wakuone. Kaka, nimeufikisha ujumbe wako, sasa lala kwa amani.