Niliyemchagua Mbele ya Kaburi

Ndugu zangu, mlinialika mara tatu, na mara tatu nikasema nina kazi ya kuchuma pareto. Mara mbili ilikuwa uongo. Niliogopa kwa sababu katika kikundi hiki cha wajane wenzangu hapa Nyamira, kila anayesimama humaliza kwa kusema amesamehe. Mimi sitasema hivyo. Kama kuna atakayekwazika, aniambie nikae chini sasa hivi.

Hakuna? Haya.

Marehemu mume wangu alikuwa wakili. Mimi niliachia darasa la nne, yeye akaendelea mpaka wakampa joho. Alikuwa na chumba kimoja mjini Kisii, ghorofani, juu ya duka la nguo. Watu aliowatetea hawakuwa matajiri. Miaka ile mtu akigombana na wakubwa juu ya shamba, alifungiwa kambini kwa chifu wiki moja, mbili, bila kupelekwa kortini. Mume wangu aliandika karatasi ya kusema, mleteni mtu huyu mbele ya hakimu, au mwachilieni. Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Wengi walitoka, na kila aliyetoka alimwongezea adui.

Kulikuwa na karani wa lokesheni. Jina lake sitalitaja, ndiyo kanuni ya hapa. Alikuwa ndugu ya mume wangu, wa babu mmoja. Walitahiriwa msimu mmoja, wakapona vidonda katika nyumba moja. Kwetu mnajua maana yake. Mtu kama huyo haulizwi amekuja kufanya nini.

Alikuja Alhamisi moja, katikati ya miaka hii ya sabini. Nikampikia ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga. Akala, akaosha mikono, akauliza, "Shemeji, mwenye nyumba anarudi lini? Nina hamu naye."

Nikasema, "Jumamosi. Atapitia Keroka kumchukulia mama yake dawa, halafu atapanda huku kwa miguu."

"Peke yake?"

"Na nani tena? Wewe humjui?"

Tukacheka. Ndugu zangu, nawaambia, tulicheka kweli.

Jumamosi walimchukua pale Keroka, mchana, chupa ya dawa mkononi. Wanaume watatu wenye makoti na gari lisilo na alama.

Nilikwenda ofisi moja, nikatumwa nyingine. Mwishowe bwana mmoja mjini alinihurumia akaniambia nikae. Nikamuuliza kosa la mume wangu ni nini.

"Hana kosa, mama. Amezuiliwa tu. Amri imetoka juu."

"Kama hana kosa mbona haji nyumbani?"

Akatazama mlango, akasema polepole, "Angekuwa na kosa angekuwa na kesi. Angekuwa na kesi angekuwa na siku ya kutoka. Huyu wako hana siku."

Fikirini hayo. Mtu aliyetoa jasho lake akidai wenzake wapelekwe mbele ya hakimu, yeye mwenyewe hakuonana na hakimu hata siku moja.

Miaka mitatu. Na mnajua nani aliniandikia barua za kumwombea? Huyo karani. Mimi Kiingereza sijui. Nilimpelekea mayai, akaandika, akanisomea, akaniambia, "Shemeji, hii lazima wataijibu." Haikujibiwa hata moja. Kama alizitupa, sijui. Ninalolijua nalisema, nisilolijua naliacha.

Mume wangu alipoachiliwa alishuka Keroka amekonda, shingo haijazi kola, akikohoa. Jioni ya pili aliniuliza swali ambalo ndilo lililoniangusha mimi. Alisema, "Yule aliyenihoji alinisomea kwenye faili: Jumamosi, Keroka, dawa ya mama, kwa miguu, peke yake. Ulimwambia nani?"

Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwambia." Nikamtaja.

Hakunipigia kelele. Alisema, "Mgeni akiuliza habari za mwenye nyumba, utamjibu nini kama si ukweli?" Halafu akageukia ukutani. Mwezi wa tano tangu arudi, akafa. Karani alikuja mazishini, akatupa udongo wake, akalia kwa sauti kuliko mimi.

Baada ya hapo sikuwa mtu. Niliacha kanisa. Pareto ilikauka kwenye mashina sikuichuma. Nilikula nikikumbushwa. Nililofikiria tangu asubuhi mpaka kulala lilikuwa moja: alipe.

Siku moja mchana nilichukua mkebe wa mafuta ya taa na kiberiti, nikaenda kwake. Nilijua yuko kazini. Nilikuwa nimefika kwenye ghala lake la mahindi, nimeshafungua kizibo, nikasikia mke wake nyuma yangu: "Ni wewe dada? Mbona hupigi hodi?" Ana unga mikononi, anatabasamu.

Sikujua la kusema. Nikasema, "Nimewaletea mafuta ya taa."

"Mungu akubariki! Taa yetu ilikauka tangu juzi." Akaupokea mkebe kwa mikono miwili. Akanipa ndizi za kurudi nazo.

Mnacheka. Chekeni tu, hata mimi leo nacheka. Siku ile nilirudi, nikamweleza mama mkwe wangu kila kitu. Nilidhani atanipeleka kwa mchungaji. Alikuwa anapepeta wimbi, hakuacha. Akasema, "Ukiichoma nyumba yake, watu watamjengea nyingine na kumpa pole. Wewe utakuwa jela. Unataka apewe pole? Ngoja siku ya kuulizwa."

Hiyo siku mnaifahamu. Matanga yakiisha, ukoo unakusanyika, wazee wanamuuliza mjane ni yupi kati ya ndugu wa marehemu atakayeangalia nyumba. Wengi wetu Wakristo tumeiacha, na mjane ana haki ya kukataa wote. Lakini swali linaulizwa mbele ya watu, na jibu lake ni la mjane peke yake. Hakuna wa kumkatiza.

Basi nikangoja. Nikaanza kula. Nikachuma pareto.

Siku ikafika. Karani alikaa mbele, koti jipya, kiatu kinang'aa. Alikuwa ameshatuma sukari kilo nne. Mzee akasimama akasema, "Mke wetu, umelia vya kutosha. Nyumba hii ataiangalia nani?"

Nikamnyooshea kidole. "Huyu."

Minong'ono ikapita. Kijana mmoja akasema, "Shamba na mke kwa sukari kilo nne!" Watu wakacheka. Karani akasimama akipangusa koti: "Shemeji, sitakuangusha."

Nikasema, "Nina sharti moja. Kaburi liko hapo. Achote udongo wake, auweke ulimini, aseme: sikumwambia mtu yeyote habari za safari ya ndugu yangu. Akishasema, nyumba ni yake."

Kwetu anayesema uongo na udongo huo mdomoni, wazee wanasema nyumba yake haizai tena. Kama ni kweli, sijui. Karani alijua ninachosema, na watu wote walijua.

Akacheka kidogo. "Mimi ni Mkristo. Siapi."

Mama mkwe akamjibu palepale alipokaa: "Mkristo aliyekuja kurithi mke?"

Mzee akamwita mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu akaenda, akainama, akachota. Mkono ulifika kidevuni ukakataa. Udongo ukamwagika kwenye lile koti. Akasema neno moja, "Nilitumwa."

Hakuna aliyempiga. Waliokuwa karibu naye walibeba vigoda vyao wakasogea, mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake katikati ya uwanja. Nikawaambia wazee nyumba hii nitaiangalia mwenyewe.

Ndugu zangu, sitawadanganya: ilikuwa tamu. Tangu mume wangu achukuliwe, usiku ule ndio wa kwanza niliolala usingizi.

Kazi yake bado anayo. Aliyetia sahihi ile amri bado ana kiti chake, na huyo sijamfikia. Lakini karani akiingia mahali, watu wanakumbuka wana shughuli kwingine.

Namshukuru mama mkwe wangu, aliyenizuia nisiwe mfungwa. Namshukuru yule mzee aliyeita mara tatu asiogope cheo. Nawashukuru watu waliofunguliwa kwa karatasi za mume wangu, waliokuja kunilimia msimu ule nilipokuwa siwezi kushika jembe. Na kama nina funzo, ni hili: aliyekuumiza kwa kunong'ona, usimtafute gizani. Muulize kwa sauti, mchana, mbele ya wanaomjua, kisha unyamaze umwache ajibu.

Wiki iliyopita alimtuma mke wake kwangu na kuku. Mwanamke yule sina ugomvi naye, nilimpa chai. Akasema, "Dada, anaomba umfungue. Hapati usingizi, hali chakula." Nikamrudishia kuku wake, nikamwambia, "Mwambie aje mwenyewe. Kaburi halijahama, na udongo upo."

Nimemaliza. Asanteni kwa kunisikiliza.