Mama Chaki na Mkaguzi Aliyekwama Dawatini

Wazee wetu, ndugu, walimu na majirani mliokusanyika kwenye uwanja huu wa shule, familia imenipa mimi, mdogo wake, kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, nanyi mnivumilie, maana nimesimama nikiwa na uchungu, na hasira pia ninayo, na sitaificha.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Chaki, alizaliwa tarehe 9 Mei 1967, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi mitambo na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, kisha sekondari ya wasichana, na akahitimu chuo cha ualimu Novemba 1987, ingawa baba alikuwa akimuuliza kila siku mtu anayecheka ovyo vile atafundisha nini, naye akimjibu kwamba atafundisha hesabu.

Tarehe 11 Januari 1988 alikabidhiwa darasa la tano, na hakutoka humo mpaka ugonjwa ulipomtoa. Sheria yake ilikuwa moja, kwamba anayekosea ubaoni, awe mwanafunzi au mwalimu, humpa chaki yule aliyeliona kosa, kisha huenda kuketi kwenye dawati la huyo mpaka aeleweshwe, na yeye mwenyewe aliketi mara nyingi, nyingine akikosea makusudi, ili mtoto mwoga wa kusema naye apate siku yake.

Sasa tarehe 3 Juni 1999 akaja mkaguzi, mtu na tumbo lake na suti yake, akamnyang'anya somo ili amwonyeshe kufundisha kunavyokuwa, akaandika ubaoni kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Binti mmoja wa mbele akainuka, akamwamkia kwa heshima zote, akaomba chaki kwa mikono miwili, akamwonyesha mzee dawati lake, na mkaguzi, kwa kuona haya kukataa mbele ya watoto, akajipenyeza. Kuingia aliingia, kutoka ndiyo ikawa kazi, kwa kuwa madawati yetu benchi na meza ni kitu kimoja, ikabidi aitwe seremala na msumeno wake, na darasa zima likacheka mpaka machozi, dada yangu akiwa ameshikilia kabati asianguke. Mkaguzi akaenda kusema kwamba mwalimu huyu hawezi kutuliza darasa, na kwa neno hilo dada yangu akanyimwa uongozi maisha yake yote, ilhali wanafunzi wake ndio waliokuwa wakiongoza kwa hesabu, na walimu waliokuwa wakisinzia darasani wakipandishwa cheo mbele ya macho yake. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini ofisi ile iliambiwa, na bado haikutazama.

Aliolewa tarehe 22 Agosti 1992 na fundi saa, shemeji yetu huyu aliyeketi hapa, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja. Figo zilianza kumsumbua Februari mwaka jana, akaendelea kufundisha akiwa ameketi, mpaka alipolazwa, akafariki hospitalini alfajiri ya Jumanne iliyopita, mumewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi msibani, na walimu wenzake waliobeba vipindi vyake. Mwalimu mkuu hatutamshukuru bado. Ameagiza darasa la tano lifungiwe ndani hadi tumalize, kwa madai kwamba watoto wa Mama Chaki hawana adabu, watatuletea kicheko msibani. Wako pale, mnaziona nyuso zao dirishani, sare wamezipiga pasi wenyewe. Hivi mtu anaagwaje bila watoto wake? Familia imekaa, shemeji amesema, nami natangaza, jeneza halitoki uwanjani hapa mpaka wale waje, wote, wasimame mbele kabisa, na wakitaka kulia walie, na wakikumbuka jambo wakacheka, wacheke. Mwalimu mkuu, ufunguo unao wewe, kafungue.

Pumzika kwa amani, dada yangu, darasa lako linakuja.