Bastola na Kikoi

Tuktuk ilitoka Shimanzi nami nimebanwa kati ya watu wawili wasiojuana. "Kibali ninacho, kesho nanunua," alisema mzee mwenye kanzu. "Leo nimejaribu bastola tatu ndogo uwanja wa shabaha. Iliyo ndogo kabisa ndiyo iliyonirusha mkono. Lakini dukani kwangu majambazi wamevamia mara mbili, na anayekaa pale ni binti yangu Abrar."

Mama mwenye sare ya bandari akamuuliza, "Ulijaribu umevaa nini, mzee wangu?"

"Suruali na mshipi. Ndivyo walivyotaka wa uwanjani." Sasa chini ya kanzu alikuwa na kikoi. "Nitaichomeka hapa kiunoni."

"Ukisujudu itateleza mpaka miguuni kwa imamu."

Dereva akacheka. Mzee hakucheka. "Na wewe mama, ukivamiwa?"

"Nitawapigia polisi."

Mimi niliwapigia siku mke wangu alipovamiwa. Wakubwa wa kituo wakanijibu gari halina mafuta.

Makadara tukasimama. Mzee aliposhuka kikoi kilimlegea, akakikamata kwa mikono yote miwili, hata mmoja haukubaki wa kushika bastola.