Sekunde Thelathini za Fundi Sikio

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo namkumbuka Fundi Sikio, aliyetunza mtambo wa kurushia matangazo yetu kwa miaka ishirini na mbili. Miaka ishirini na mbili, na alikufa mbele ya mtambo huohuo. Nilikuwepo.

Tulimwita Sikio kwa sababu aligundua ubovu kwa kusikiliza. Anainamisha kichwa, anafumba jicho moja, anakwambia, "Hii feni inaumwa, wiki haimalizi." Na kweli, ikifika Ijumaa imekufa. Jamani, yule mtu alikuwa na kipaji!

Lakini chuo kilimshinda. Alisomea uhandisi wa elektroniki muhula mmoja tu, akaacha kwa sababu ya hesabu. "Mimi na hesabu tulisalimiana, tukaagana," alikuwa akisema, huku anacheka. Binti yake, anayesomea uhandisi huohuo, hakucheka. Kila Jumapili alimwekea daftari mezani. "Baba, ni kuzidisha na kugawanya tu. Nusu saa." Na kila Jumapili baba alikumbuka ghafla kwamba kuna bomba linavuja.

Wiki tatu kabla ya kifo chake, redio yetu ilianza kunguruma. Mlitupigia simu kulalamika, mnakumbuka. Fundi akabadilisha kapasita ya mtambo. Kapasita, kwa asiyejua, ni kifaa kinachobaki na umeme ndani yake hata ukishazima swichi. Aliweka yenye uwezo mara kumi ya ile ya zamani. Mngurumo ukaisha. Tukampigia makofi.

Mlangoni pa mtambo palikuwa na kibandiko: "Zima. Subiri sekunde thelathini. Fungua." Muda huo ulipigiwa hesabu ya kapasita ya zamani. Hakuna aliyefikiria kuubadilisha. Mimi nilipita hapo kila siku, sikuwaza lolote.

Jumanne asubuhi binti alipiga simu. Baba akamsimulia habari ya kapasita yake mpya kwa majigambo. Binti akamuuliza ukubwa wake na wa ile ya zamani. Kisha akasema, "Baba, usifungue huo mlango mpaka nipige hesabu. Nikitoka darasani nakutumia."

"Sawa, mama," baba akamjibu.

Saa saba kasorobo mchana mtambo ukagoma. Taarifa ya habari ni saa saba. Sasa nisikilizeni vizuri, wapendwa. Mtangazaji aliyesimama nyuma yake akipiga kelele, "Fundi, vipi bwana, muda huo!" ni mimi. Akaniambia, "Namsubiri binti yangu." Nikamjibu, "Kwani binti yako ndiye anayesoma habari?" Akacheka. Akazima swichi kuu. Akahesabu kwa sauti, moja mpaka thelathini, taratibu, bila kuruka hata moja. Akafungua mlango, akaingiza mkono.

Simu yake ilikuwa mezani. Ujumbe uliingia saa saba na dakika mbili: "Baba, muda nao umezidi mara kumi. Subiri dakika tano." Niliusoma mimi. Yeye alikuwa sakafuni.

Ripoti ya ofisi imeandika kwamba alikufa kwa uzembe, kwamba hakusubiri. Sikuipinga. Niliogopa. Jana mjane wake alikuja hapa kituoni. Hakulia. Alisema, "Shemeji, wewe ulikuwa pale. Mume wangu alikuwa mzembe?" Nilishindwa hata kumtazama usoni.

Kwa mjane, kwa binti, na kwa ndugu wote, tunawapa pole nyingi. Nanyi vijana mnaouliza hesabu za nini wakati mikono ipo, kaeni mlifikirie hili. Mikono ile ilikuwa hodari kuliko yenu. Umeme haukuijali.

Shemeji, kama unanisikia, jibu lako ni hili, na watu wote wanasikia. Hapana. Hakuwa mzembe. Alisubiri sekunde zote alizoambiwa asubiri. Hesabu iliyobaki ilikuwa njiani inakuja, na mimi ndiye niliyemharakisha.